Familia Yenye Maswali Iende Wapi Jumamosi?

Hoja yenyewe ni fupi. Ipo familia isiyopenda kumezeshwa maneno, ambayo mtoto wake akiambiwa jambo huuliza "umejuaje?" Inaishi Njombe au Makambako. Siku ya mapumziko iende wapi? Hatuna jumba la makumbusho ya sayansi. Tuna baridi, mashamba ya chai, miti ya mbao, reli ya TAZARA na hadithi nyingi.

Nimeketisha sauti nne. Sikuzipa majina kwa sababu kila moja ni ya watu wengi, na maneno yao nimeyapanga mwenyewe kutokana na mabishano niliyozoea kuyasikia. Mwalimu ni mwanamke, anafundisha fizikia sekondari. Mzee ni Mbena wa upande wa Mdandu. Mama anauza parachichi na viazi Makambako, na ana watoto watatu. Dereva anaendesha Noah kati ya Makambako na Njombe, kilomita kama 60. Mimi kazi yangu ni kuwakatiza.

DEREVA: Kamwene jamani. Naanza mimi, kwa kuwa ndiye ninayewabeba. Watu wa maswali hawafai safarini. Ukiwaambia hapa palitokea jambo, wanauliza nani aliona. Mnafika mahali pa kustarehe, wao wanatoa daftari. Halafu vituo vyao viko mbali. Kimondo kiko Mbozi, mbele ya Mbeya. Isimila iko Iringa. Piga hesabu ya mafuta, chakula, na watoto wanaotapika njiani, utaona hayo si matembezi tena.

MWALIMU: Mbali ni kweli, ila usizidharau. Kimondo cha Mbozi kina urefu wa mita 3 hivi na uzito wake unakadiriwa kuwa tani 16. Karibu asilimia 90 ni chuma, na asilimia kama 8 ni nikeli. Mtoto akikigusa, amegusa kitu kilichotoka nje ya dunia. Na Isimila kuna zana za mawe zilizochongwa na watu walioishi zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

MZEE: Na hicho kimondo, wenyeji walikijua kabla ya Mzungu kukiandika mwaka 1930. Walinyamaza tu.

MWALIMU: Hilo silipingi, mzee wangu. Lakini mimi sianzii Mbozi. Naanzia uani.

MAMA: Uani kwangu kuna nini zaidi ya kuku na kamba ya nguo?

MWALIMU: Kuna jua. Njombe iko nyuzi 9.3 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, karibu tarehe 25 Februari na karibu tarehe 17 Oktoba. Februari ni mvua na mawingu. Oktoba ndiyo yenyewe. Chukua mti ulionyooka, mita moja yatosha, usimike wima. Uhakikishe kwa uzi uliofungwa jiwe, kama fundi mwashi anavyopima ukuta. Kila baada ya dakika tano mtoto anaweka kijiwe pale ncha ya kivuli inapofika. Kivuli kinafupika, kinafupika, mwisho kinaingia chini ya mti wenyewe. Lakini kabla ya kuanza, kila mtu aandike kwenye karatasi saa ngapi kivuli kitapotea.

MAMA: Saa sita kamili. Si ndiyo adhuhuri?

MWALIMU: Kila mtu huandika hivyo, na kila mtu hukosa. Tarehe 17 Oktoba hapa Njombe ni kama saa sita na dakika 26. Februari ni karibu na saa saba, dakika sita tu kabla.

DEREVA: Saa zetu mbovu?

MWALIMU: Saa ni nzima. Saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa mstari wa nyuzi 45 mashariki, na huo unapita baharini huko, karibu na Mayotte. Sisi tuko karibu nyuzi 35. Kila nyuzi moja ni dakika nne, kwa hiyo jua linatufikia likiwa limechelewa dakika 41 hivi. Juu ya hapo, dunia haizunguki jua kwa duara kamili na imeinama, ndiyo maana Februari unaongeza dakika 13 na Oktoba unapunguza karibu 15. Makambako iko kaskazini kidogo, nusu nyuzi. Kwenu jua linapita utosini siku moja hivi kabla ya Njombe mwezi huo wa Oktoba.

DEREVA: Kumbe nalo linapiga ruti ya Makambako kwenda Njombe, ila linatumia siku nzima!

Hapo nilicheka, lakini nakiri Dereva ameieleza jiografia vizuri kuliko ramani ya ukutani. Na ile karatasi ya kukisia ndiyo roho ya mchezo. Mtoto anayetazama kivuli bila kukisia kwanza anaona kivuli tu. Aliyeandika "saa sita kamili" ana dau mezani. Baba yake pia ana dau, na baba naye atakosa mbele ya watoto. Familia nyingi zinahitaji hilo kuliko zinavyohitaji darubini.

MAMA: Sawa mwalimu, kivuli nimekielewa. Lakini watoto wangu hawatakaa uani kutwa. Wanataka kwenda. Wakiona gari tu wameshavaa viatu.

MWALIMU: Basi wapandishe treni. Reli ya TAZARA ina kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ilijengwa kati ya 1970 na 1975, na kipande kilichowatoa jasho wajenzi ni hiki cha kwetu, Mlimba hadi Makambako. Humo ndimo yamejaa mahandaki na madaraja. Ulizia ratiba kituoni kwanza. Kisha chukua chupa tupu ya plastiki ya maji ya kunywa. Makambako, kabla ya kuondoka, funga kifuniko kabisa. Mpe mtoto aishike hadi Mlimba, asiifungue.

MAMA: Halafu?

MWALIMU: Muulize wewe kwanza itakuwaje.

MAMA: Itabaki chupa, itakuwaje tena?

MWALIMU: Itabonyea. Taratibu, ubavuni, itaanza kutoa mlio wa plastiki ikikunjika, bila mtu kuiminya. Makambako tuko juu, zaidi ya mita 1,600, hewa ni nyepesi. Mlimba ni bonde la Kilombero, hewa ya nje inakandamiza kuliko ile uliyoifungia ndani. Mtoto ataishikilia mkononi akisikia hewa inafanya kazi. Na jibu la maharage yako liko humo humo.

MAMA: Maharage yangu yana nini?

MWALIMU: Hayaivi upesi, unailaumu mbegu. Njombe mjini maji yanachemka yakiwa na joto la nyuzi 93 au 94 hivi, hayafiki 100 hata ukoleze kuni vipi. Kwa hiyo maharage yanakaa jikoni muda mrefu kuliko Dar es Salaam. Nunua kipimajoto cha maabara, utaona mwenyewe.

MZEE: Mmemaliza? Kivuli, chupa, maharage. Hamjaniambia kitu kimoja cha Njombe ambacho hakiwezi kufanyika Mbeya au Arusha. Mimi ningewapeleka wajukuu Nyumbanitu.

Mjadala ulianza hapo kwa kweli. Kwa msomaji asiyekujua: Nyumbanitu ni msitu wa asili wa Wabena, upande wa kijiji cha Mlevela, wilaya ya Wanging'ombe. Husimuliwa kuwa wazee walijificha humo zama za vita vya makabila. Una miiko yake, na una wenyewe wanaoulinda. Na una kuku weusi.

MZEE: Kuku weusi, hawafugwi na mtu. Wapo msituni. Huendi kichwa kichwa, unaomba kwa wazee kwanza. Hukati mti, huokoti kitu ukaenda nacho. Hayo tuliyakuta.

DEREVA: Na mtu akiiba kuku?

MZEE: Jaribu.

DEREVA: Mimi? Nina familia, mzee.

MWALIMU: Ndiyo maana nilikuwa naogopa kupapendekeza. Watoto wataambiwa hadithi, watarudi wameogopa, basi. Hiyo si safari ya watu wanaohoji.

MZEE: Kwa nini isiwe? Mwanangu, wewe umekataza maswali au mimi?

Niliingilia hapa, maana mwalimu alikuwa amebanwa na alistahili. Mtu anayejiita wa sayansi akikwepa mahali kwa sababu pana hadithi, amekwepa kazi yake. Nikamwambia: chukulia kuku hao kama ulivyochukulia kivuli. Ungefanyaje?

MWALIMU: Haya. Kwanza, watoto wasisimuliwe chochote kabla. Wakifika na wakiruhusiwa, wakae kimya asubuhi moja, kila kuku anayeonekana aandikwe: rangi, saa, upande gani. Wote, hata asiye mweusi, kama yupo. Maana tatizo la kuku weusi ni kwamba mtu aliyeambiwa ataona weusi atakumbuka weusi. Wa kahawia akipita, atasema huyo katoroka kijijini.

MAMA: Na kama wote ni weusi kweli?

MWALIMU: Basi swali ndilo linaanza. Mimi naona njia tatu. Labda kuna watu, tangu zamani, wanaoondoa vifaranga wa rangi nyingine, kwa kuwa msitu unatakiwa uwe na weusi. Labda mwewe na wanyama wengine wanawaona weupe upesi kwenye kiza cha msitu, weusi wanabaki. Labda walianza wachache tu, na wote walikuwa weusi, hawajawahi kuchanganyika na wa nje. Kila njia ina dalili yake. Kama ni mwewe, utakuta wanazaliwa wa rangi mbalimbali na wakubwa ni weusi. Kama ni ukoo mmoja, hata vifaranga wote watakuwa weusi. Kama ni watu, mzee hapa anajua.

MZEE: Mzee anajua, na mzee hasemi.

MWALIMU: Hiyo nayo inaandikwa kwenye daftari!

MZEE: Andika. Lakini umeruka njia ya nne.

MWALIMU: Ipi?

MZEE: Kwamba ni kama tulivyosema.

MWALIMU: Naiandika, mzee wangu. Nitakachouliza ni kimoja: tungeona nini kama si kweli? Njia tatu zangu zinaweza kuanguka asubuhi moja. Hiyo ya nne naitaka nayo ikubali kuanguka, la sivyo haiko kwenye mashindano.

MZEE: Haiko kwenye mashindano. Iko msituni. Na nikuulize mimi sasa, wewe unayeita hii hadithi: ukisimama ukingoni mwa Nyumbanitu, ndani unaona miti gani, na nje miti gani?

MWALIMU: Nje misindano, mikaratusi, miwati. Ndani miti ya asili.

MZEE: Nani ameilinda? Bwana misitu?

Kimya kidogo. Mzee alishinda raundi hiyo, nami nilimpa pointi zake bila kusita. Mwiko unaweza kukosea kuhusu sababu ukapatia kuhusu msitu. Na hilo nalo linapimika: mpe mtoto kamba ya mita kumi, afanye mraba ndani kwenye njia inayoruhusiwa na mraba mwingine nje, ahesabu aina za mimea. Hakati kitu, haokoti kitu, havunji mwiko wa mtu.

DEREVA: Mzee amenikumbusha yule kima wa Rungwe.

MZEE: Kipunji. Hebu wasimulie.

DEREVA: Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wanasema yuko kima huko msituni, ana haya. Wataalamu wakaona ni hadithi. Mwaka 2003 wakamwona kwa macho, kwanza mlima Rungwe, kisha kwenye msitu wa Livingstone ndani ya Kitulo, mpakani kwetu. Wakamtangaza duniani mwaka 2005. Mwaka uliofuata wakagundua hata jenasi yake ni mpya, jambo ambalo lilikuwa halijatokea kwa kima wa Afrika kwa miaka 83.

MZEE: Kwa hiyo wazee wanaposema, sikilizeni.

MWALIMU: Tusikilize, naam, na tuende. Hao watafiti walipata taabu kwa kuwa simulizi za Wanyakyusa zina wanyama wa msituni wa kweli na wa kufikirika, pamoja. Kipunji alipatikana kwa sababu mtu alivaa buti akaenda kuangalia. Wale wengine wa simulizi bado wako kwenye simulizi.

Hapa niongeze la kwangu. Kitulo ni ya kwenda, wala haihitaji mjadala. Ilipata hadhi ya hifadhi ya taifa mwaka 2005, ina kilomita za mraba 413 hivi, na Desemba hadi Aprili uwanda mzima unachanua. Aina 45 za okidi za ardhini zimeorodheshwa humo. Na kama unapenda ndege, wanasayansi wamempa ndege mmoja mdogo wa kahawia wa nyanda hizi jina la Cisticola njombe. Nimeshangaa ni watoto wangapi wa Njombe hawajui kuwa mji wao uko kwenye vitabu vya ndege.

MAMA: Mnacheka na kuku na kima. Mimi nina neno. Mwisho wa 2018 na Januari 2019, watoto walitoweka hapa mkoani, wakaokotwa wameuawa, wengine wamekatwa viungo. Serikali yenyewe ikasema ni ushirikina. Mnakumbuka tulivyokuwa tunawasindikiza watoto shule na kuwasubiri? Sasa unataka nimpeleke mwanangu msituni akasikilize mambo ya nguvu zisizoonekana?

MZEE: Usiuweke msitu wetu kapu moja na wauaji, binti yangu. Nyumbanitu inakuambia usikate mti. Wale waliambiwa wakate mtoto.

MAMA: Nimekusikia, baba. Lakini wote wawili wanasema "amini, usiulize".

MZEE: Mimi nimesema usiulize?

MAMA: Umesema mzee anajua na hasemi.

Hakuna aliyejibu upesi. Mwalimu ndiye aliyevunja ukimya, na kwa maoni yangu alisema la maana kuliko yote ya siku hiyo.

MWALIMU: Mimi ndiyo maana nataka aende akaulize juu ya kuku. Kuku hamuumizi mtu. Ukikosea juu ya kuku, umekosea tu. Mtoto aliyezoea kusema "nitajuaje kama si kweli?" juu ya kivuli na kuku, siku akija mtu kumwambia kiungo kinaleta utajiri, ulimi wake umeshazoea lile swali. Huwezi kumfundisha siku hiyo hiyo.

DEREVA: Mwaka 2011 nilipeleka watu Loliondo kwa Babu. Kikombe cha dawa yake shilingi 500. Wakati wa kurudi gari zima linaimba, wamepona.

MWALIMU: Baada ya miezi sita uliwauliza?

DEREVA: Sikuwauliza. Nani angelipa nauli ya kuuliza?

MAMA: Na wewe mwalimu, nani anakuhoji wewe? Maana unahoji kila mtu.

MWALIMU: Wanafunzi wangu, na nawaambia habari za Erasto Mpemba. Mwaka 1963 yuko sekondari Magamba, Lushoto, anatengeneza aiskrimu. Maziwa yake aliyoyaweka yakiwa ya moto yakaganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu wake akamcheka, na darasa nalo likamcheka. Alipokuwa Mkwawa, Iringa, akamuuliza profesa mgeni kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne. Osborne hakucheka, akaenda kupima. Mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Leo dunia nzima jambo hilo linaitwa kwa jina la Mpemba.

MAMA: Kwa hiyo alikuwa sahihi.

MWALIMU: Subiri. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima upya kwa uangalifu, wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha. Wengine wanabisha hadi leo. Kwa hiyo chukua vikombe viwili, kimoja maji ya moto, kimoja ya baridi, kiasi sawa, vikombe sawa, friza moja. Rudia mara nyingi. Ukipata jibu lolote, utakuwa kwenye mabishano yaliyoanzishwa na mwanafunzi wa Tanzania.

MZEE: Huyo kijana nampenda. Aliambiwa na mkubwa wake kuwa haiwezekani, naye akaenda kwa mkubwa mwingine.

MWALIMU: Na kama huna friza, subiri Juni au Julai. Usiku ambao mbingu iko wazi, weka sahani mbili za maji nje, moja uwanjani, nyingine chini ya paa la banda lisilo na kuta. Asubuhi ile ya uwanjani inaweza kuwa na barafu juu, na ya bandani bado ni maji, ingawa upepo ni ule ule. Joto linapotelea angani, na paa linalizuia. Mkulima wa viazi anajua bondeni panaungua kwa baridi kabla ya mlimani. Mwulize, kisha mwende na vipimajoto viwili mpime.

Uamuzi ni wangu, na nautoa. Dereva ameshindwa: safari ya watu wa maswali haihitaji kuwa mbali wala ghali. Mama ana haki ya kuogopa, na woga wake ndio sababu ya kwenda. Kwa Mwalimu nina lawama moja: anataka kila safari irudi na jibu, na kuku wa Nyumbanitu huenda wakambakiza na daftari lenye mistari mitupu. Hiyo si hasara. Mzee naye aruhusu swali mbele ya wajukuu, hata kama hatalijibu. Ningeanza na mti wa Oktoba, kisha chupa ya Mlimba, na Nyumbanitu iwe ya tatu, mtoto akiwa tayari amekosea mara mbili kwa mkono wake mwenyewe na hakufa. Mbozi na Isimila zingoje likizo ndefu.

Na kuna tarehe ya kuandika ukutani. Tarehe 1 Septemba 2016, muda mfupi kabla ya saa sita mchana, jua lilipatwa likabaki pete juu ya ukanda huu. Watu walijaa Rujewa, wilayani Mbarali, kulitazama, na chini ya miti mwanga uliopenya kwenye majani ulichora pete ndogo ardhini. Jumatatu ya tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa tena. Giza kamili litapita Misri, Saudi Arabia, Yemen na Somalia. Kwetu litamegwa sehemu ndogo tu, mchana. Agizeni miwani maalumu ya kutazamia jua mapema. Asiye nayo atoboe karatasi ngumu kwa sindano, aelekeze kwa jua, na atazame mwanga unaotua kwenye karatasi ya pili iliyo chini. Jua lenyewe asilitazame kwa macho matupu, wala kwa miwani ya kawaida ya jua, hata kama limebaki kidogo.